Ndiyo, Siyo na Kimya: Fumbo la Ujiji (1871) Mbele ya Maswali ya Mwanahistoria

1. Utangulizi

Upo mchezo unaojulikana katika mataifa mengi. Mtu mmoja huficha moyoni mwake jambo fulani la kale: jina la mfalme, chanzo cha vita, au kisa cha ajabu kilichotokea safarini. Wenzake humwuliza maswali, naye haruhusiwi kujibu ila kwa «ndiyo» au kwa «hapana». Maswali yakipangwa vema, jambo lililofichwa hujitokeza polepole, mfano wa kisiwa kinachoonekana ukungu ukiondoka ziwani. Nchini Marekani mchezo huo uliingia redioni mwaka 1946, na nchini Uingereza mwaka 1947, kwa jina la Maswali Ishirini. Nguvu yake ni ya kihesabu: ikiwa kila swali linayagawa mambo yanayowezekana katika mafungu mawili yaliyo sawa, maswali 20 yanatosha kulitenga jambo moja kati ya mambo 1 048 576. Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon aliufanya uchaguzi huo wa njia mbili kuwa kipimo cha habari ya kila aina.

Kwa msomaji wa Kiswahili mchezo huo hauko mbali na kitendawili. Hata hivyo ipo tofauti. Katika kitendawili, mteguaji huonyeshwa sura ya fumbo zima mara moja, naye hujibu kwa kukisia. Akishindwa hutoa mji, na mtegaji hulifumbua fumbo lake. Katika mchezo wa ndiyo na hapana, anayetafuta huuliza hatua kwa hatua, na kila jibu hufunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Lakini katika michezo yote miwili yupo mtu anayelijua jibu. Mwanahistoria hana bahati hiyo. Aliyeweza kumjibu amekwisha kufa, na mahali pake yamebaki maandishi, masimulizi na makaburi. Mashahidi hao hujibu kile tu walichoulizwa, na mara nyingi hawajibu kabisa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi maswali ya ndiyo na siyo yanavyoweza kumsaidia mwanahistoria, na pale yanapoweza kumpoteza. Mfano uliochaguliwa ni mkutano wa Henry Morton Stanley na David Livingstone huko Ujiji, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa Tanganyika, mwaka 1871. Mkutano huo umekuwa swali la mashindano na la mzaha duniani kote, kwa sababu ya maneno manne yanayosemekana kutamkwa siku hiyo. Lakini nyuma ya fumbo hilo dogo limesimama jambo zito la historia ya Kongo, yaani mauaji ya soko la Nyangwe, katika Maniema. Itaonekana kwamba njia inayolifumbua lile dogo ndiyo inayofikisha kwenye lile kubwa, ikiwa mwulizaji hakuchoka njiani.

2. Uzito wa neno «ndiyo»

Kabla ya kuuliza, yafaa kulichunguza jibu. Mtu huweza kudhani kwamba «ndiyo» na «hapana» ni maneno mepesi kuliko yote. Sivyo. Neno «ndiyo» limejengwa juu ya shina la uthibitisho «ndi-», na maana yake ya asili ni kwamba jambo ni hilo lenyewe. Kinyume chake hasa ni «siyo». Neno «hapana» limetoka kwingine: ha-pa-na, yaani mahali hapo hakuna kitu. Kwa asili, basi, anayejibu «siyo» anakataa kwamba jambo ni hilo. Anayejibu «hapana» anasema kwamba kitu hakipo. Matumizi ya kila siku yamezichanganya maana hizo mbili, wala hakuna ubaya katika mazungumzo. Lakini mwanahistoria hupata faida akizitenga, kwa kuwa kusema «tukio halikuwa hivyo» si sawa na kusema «ushahidi haupo».

Jambo la pili ni swali la kukanusha. Mswahili akiulizwa «Hukwenda sokoni?», naye kweli hakwenda, hujibu «Ndiyo, sikwenda», maana anayathibitisha maneno ya mwulizaji. Mfaransa katika hali hiyo hujibu «non». Hakimu, mmisionari au mtawala aliyeuliza kwa kukanusha kupitia kwa mkalimani, kisha akaandika neno moja tu la jibu, aliweza kuandika kinyume cha alichoambiwa, bila yeye wala shahidi kujua. Ndiyo sababu ushahidi uliotolewa kwa Kiswahili na kuhifadhiwa katika lugha nyingine unadai kusomwa kwa tahadhari, hasa pale majibu yanapokuwa mafupi.

Jambo la tatu ni ile «ndiyo» ya adabu. Mdogo hambishii mkubwa, mgeni hamkatai mwenyeji, na mpagazi hampingi mwenye bunduki. Swali lililotoka kinywani mwa mwenye nguvu huwa tayari limebeba jibu lake, na aliyeulizwa hulirudisha kama alivyolipokea. Tahadhari hizi tatu zitahitajika katika kila hatua ya uchunguzi unaofuata.

3. Fumbo lenyewe

Livingstone, mmisionari na msafiri Mskoti, aliingia bara mwaka 1866 akitafuta chimbuko la mto Nili. Alifika Ujiji mwezi wa Machi 1869, na mwezi wa Julai mwaka huo huo akavuka ziwa kwenda Manyema, nchi ambayo leo huitwa Maniema. Mwishoni mwa Machi 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye kingo za Lualaba. Kwa muda mrefu habari zake hazikufika Ulaya, na wengi walidhani kwamba amekufa. Stanley, aliyezaliwa Wales mwaka 1841 kwa jina la John Rowlands, alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald. Alitumwa na mwenye gazeti hilo kumtafuta mzee huyo, akaondoka Bagamoyo na misafara yake katika Machi 1871. Wawili hao walikutana Ujiji katika miezi ya mwisho ya mwaka huo.

Mwaka 1872 Stanley alilisimulia tukio hilo, kwanza katika gazeti, halafu katika kitabu. Anaeleza kwamba alipita katikati ya umati, akamkaribia mzee mweupe aliyesimama mbele ya Waarabu wa mji, akavua kofia, na kwa maneno manne ya Kiingereza akamwambia kwamba anadhani yeye ndiye daktari Livingstone. Mzee akaitikia kwamba ndiye. Ubaridi wa maneno hayo, yaliyosemwa baada ya miezi ya njaa, homa na vita njiani, uliwachekesha wasomaji wa wakati ule, na tangu hapo yamerudiwa katika magazeti, katika michezo ya kuigiza na katika vitabu vya shule. Fumbo linaloulizwa mpaka leo ni hili: je, Stanley aliyasema kweli?

Yafaa kutambua kwamba maneno hayo yenyewe ni swali la ndiyo au siyo. Tena ni swali lisiloongeza habari yoyote, kwa kuwa mwulizaji alikuwa amekwisha kulijua jibu. Kwa kipimo cha Shannon, thamani yake ni sifuri. Maswali yenye thamani yalikuwa yameulizwa kabla, na waliojibu hawakuwa Wazungu.

4. Maswali ya njiani

Kitabu cha Stanley chenyewe kinaeleza kwamba, siku chache kabla ya kufika Ujiji, karibu na mto Malagarasi, msafara wake ulikutana na msafara wa Waguha. Hao walikuwa watu wa ng'ambo ya magharibi ya ziwa, pande za mto Lukuga, katika nchi ambayo leo ni ya Kongo na ambamo mji wa Kalemie umejengwa. Walimpa habari ya mzungu aliyefika Ujiji. Stanley akaanza kuuliza. Je, ni kijana au mzee? Wakamjibu kwamba ni mzee, ana nywele nyeupe usoni, tena ni mgonjwa. Ametoka wapi? Ametoka mbali, ng'ambo ya Uguha, katika nchi ya Manyema. Je, yupo Ujiji sasa? Ndiyo, walimwona siku chache zilizopita. Je, aliwahi kufika huko kabla? Ndiyo, naye aliondoka zamani.

Stanley akaendelea kujiuliza peke yake. Huenda ni msafiri aliyetoka pwani ya magharibi? Huenda ni Samuel Baker, Mwingereza ambaye miaka ile, kuanzia 1869 hadi 1873, alikuwa katika nchi za Nili ya juu kwa utumishi wa mtawala wa Misri? Akamkataa Baker kwa sababu moja tu: Baker hakuwa na mvi usoni. Hatimaye akabaki na jina moja.

Huo ni uchunguzi kamili wa aina inayozungumzwa hapa, nao unaonyesha kwamba maswali hayana uzito mmoja. Ndevu nyeupe ni hoja dhaifu, maana safari na homa humzeesha mtu mapema. Jibu lenye nguvu lilikuwa lile la mwisho. Livingstone alifika Ujiji mwaka 1869, akaondoka kwenda Manyema. Mzungu wa Waguha alikwisha fika Ujiji, akaondoka, akarudi kutoka Manyema. Jibu hilo lilimwondoa Baker na kila msafiri mwingine. Basi, ikiwa yupo aliyemtambulisha Livingstone kwa Stanley, ni hao wasafiri wa ng'ambo ya Tanganyika, ambao majina yao hayakuandikwa. Maneno ya Ujiji yalikuja tu kuthibitisha walichokwisha kusema.

Isitoshe, Livingstone naye alilifumbua fumbo lake kwa njia hiyo hiyo. Katika shajara yake anaeleza kwamba Susi, mtumishi wake, alimjia mbio na habari kwamba amemwona Mwingereza, kisha akarudi mbio kumlaki mgeni. Livingstone akaitazama bendera iliyotangulia mbele ya msafara, akajua kwamba mgeni ni wa Marekani. Akaziona robota za bidhaa, mahema, masufuria na mabirika makubwa, akajua kwamba huyu si msafiri aliyefilisika kama yeye. Je, ni Mwingereza? Siyo. Je, ni maskini? Siyo. Kila mmoja, basi, alikuwa amekwisha kumjua mwenzake kwa sehemu kubwa kabla ya kupeana mikono.

5. Kuligawa swali

Swali la mashindano huulizwa kwa kawaida hivi: «Je, Stanley alimwambia Livingstone maneno yale, Ujiji, tarehe 10 Novemba 1871?» Swali la namna hiyo ni kifurushi cha maswali kadhaa. Akijibiwa «siyo», mwulizaji hajui ni sehemu gani iliyokataliwa: maneno, mahali, au siku. Sharti la kwanza la njia hii ni kuuliza jambo moja moja, kuanzia lililo pana hadi lililo finyu.

Je, watu hao wawili walikutana Ujiji? Ndiyo. Mwaka 1872 walikuwako walioshuku, wakidai kwamba mwandishi wa gazeti amezitunga barua alizoleta. Lakini familia ya Livingstone na Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza zilikiri kwamba mwandiko ni wake. Shajara yake, iliyochapwa mwaka 1874 baada ya kifo chake, inalisimulia tukio kwa maneno yake mwenyewe. Mashahidi wawili walioandika mbalimbali wanakubaliana. Mlango huo umefungwa.

Je, siku yenyewe ilikuwa 10 Novemba? Hapa jibu si ndiyo wala siyo. Tarehe hiyo ndiyo iliyochapwa katika kitabu cha Stanley. Livingstone kwa upande wake anaandika kwamba aliingia Ujiji tarehe 23 Oktoba, na tarehe 28 Oktoba anamtaja Stanley kwa jina kuwa yupo naye. Kalenda hizo mbili haziwezi kuwa sahihi pamoja. Wote wawili waliugua njiani, na mgonjwa wa homa hupoteza hesabu ya siku. Wataalamu wameshindana juu ya jambo hilo kwa muda mrefu. Miongoni mwao yumo padri François Bontinck, aliyefundisha Kinshasa, ambaye mwaka 1979 alitoa makala nzima juu ya tarehe ya mkutano huo. Mwenye mashindano anayedai siku moja tu na kuhesabu nyingine kuwa kosa, anadai zaidi ya vyanzo vyenyewe. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mkutano ulitukia kati ya wiki ya mwisho ya Oktoba na wiki ya pili ya Novemba 1871.

Je, maneno ya Stanley, ikiwa aliyasema, yalikuwa ya kwanza kutamkwa kati ya pande hizo mbili? Siyo. Shahidi wa jibu hilo ni Stanley mwenyewe. Anaandika kwamba kabla hajafika mbele ya Livingstone alisalimiwa kwa Kiingereza na mtu mweusi aliyejitambulisha kuwa Susi, mtumishi wa daktari. Stanley akamwuliza kama daktari yupo hapo, akajibu ndiyo. Akamwuliza kama yupo katika mji huo huo, akajibu ndiyo. Akamwuliza kama ana hakika; akajibu kwamba ndiyo kwanza ametoka kwake. Baadaye akaja Chuma naye, akasalimu. Kwa hiyo, hata kwa kukifuata kitabu cha Stanley tu, salamu ya kwanza ya Ujiji ilitoka kwa Abdullah Susi, mzaliwa wa Shupanga kwenye mto Zambezi. Jambo hilo limechapwa wazi tangu mwaka 1872, lakini halijapata umaarufu.

6. Ukurasa uliochanwa

Sasa linabaki swali la mwisho: je, maneno yale yalitamkwa? Mashahidi watatu wanaweza kuitwa.

Wa kwanza ni maandishi ya Stanley yaliyochapwa. Yanajibu ndiyo. Lakini yaliandikwa kwa ajili ya wasomaji, na mtu anayeliandikia gazeti, tena anayejua kwamba sifa yake yote inategemea saa ile moja, ana sababu ya kuipamba.

Wa pili ni Livingstone. Yeye hayataji. Je, kutoyataja ni kuyakana? Kwa peke yake, hapana. Watu hawaandiki kila salamu wanayopewa. Lakini kimya hicho kinapata uzito kwa sababu ya kile alichokiandika. Aliyakumbuka maneno ya Susi, akaikumbuka bendera, akavikumbuka hata vyombo vya jikoni. Mtu aliyeandika hayo yote angetazamiwa kuyakumbuka pia maneno ya ajabu namna ile.

Wa tatu ni shajara ya Stanley ya siku ile. Huyo ndiye angekuwa shahidi bora, kwa maana shajara huandikwa kabla ya umaarufu. Karatasi za Stanley zimehifadhiwa Tervuren, karibu na Brussels, katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Mwandishi Mwingereza Tim Jeal, aliyezipekua na kutoa wasifu wa Stanley mwaka 2007, alionyesha kwamba kurasa zinazohusu mkutano zimechanwa. Yeye aliamua kwamba maneno yale yalibuniwa baadaye, na kwamba Stanley, mtoto wa nyumba ya maskini, alitaka kujionyesha mtulivu kama bwana mkubwa wa Kiingereza. Kisha, watu walipoanza kucheka, hakuweza tena kurudi nyuma.

Hoja hiyo ina nguvu, na pengine ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli. Hata hivyo ukurasa uliochanwa haujasema «siyo». Umesema «hapana» kwa maana yake ya asili: mahali hapo hakuna kitu. Mkono uliochana haujulikani kwa kuutazama mchano. Huenda ulificha uwongo. Huenda ulichukua kumbukumbu yenye thamani. Mwanahistoria mwaminifu hana budi kuwa na jibu la tatu kando ya ndiyo na siyo, nalo ni: «ushahidi haujibu, lakini unaegemea upande huu». Katika mchezo jibu hilo halimpi mtu ushindi. Katika elimu ndilo linalomlinda asigeuze dhana kuwa habari.

Walikuwapo pia mashahidi wengine waliosimama pale: Susi na Chuma, Bombay, yaani Sidi Mubarak, mkuu wa askari wa Stanley, Selim, kijana mkalimani, Waarabu wa Ujiji, na umati wa wenyeji. Mwaka 1874 Susi na Chuma walifika Uingereza, na Horace Waller, aliyeitayarisha shajara ya Livingstone kwa kuchapwa, aliwategemea wao kwa habari za siku za mwisho, baada ya daktari kuacha kuandika. Ushahidi wao ulitakiwa, basi, pale mzungu aliponyamaza. Pale alipoandika mwenyewe, kalamu yake ilihesabiwa kuwa inatosha. Kasoro hiyo haimo katika majibu. Imo katika uchaguzi wa waliofaa kuulizwa.

7. Swali lililokuwa nyuma ya swali

Anayeuliza kwa utaratibu hafiki Ujiji akasimama. Linafuata swali jingine: je, Livingstone alirudi Ujiji kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha? Siyo. Alikuwa bado akitaka kuteremka na Lualaba. Je, alirudi kwa sababu ya ugonjwa na ukosefu wa vitu peke yake? Siyo. Alirudi hasa baada ya yale aliyoyaona Nyangwe tarehe 15 Julai 1871.

Siku hiyo ilikuwa siku ya soko. Livingstone alikadiria watu wapatao 1 500, wengi wao wanawake, waliokuja kutoka kingo zote mbili za mto kuuza samaki, vyungu, kuku na vyakula. Watu watatu wa kundi la mfanyabiashara Dugumbe waliingia sokoni na bunduki; ugomvi wa bei ya kuku ukazuka; wakaanza kufyatua risasi juu ya umati. Wengine waliofuatana nao wakawapiga wale waliokimbilia mitumbwini. Mitumbwi ikasongamana mlangoni mwa kijito, watu wakajitupa majini, na wengi wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Ng'ambo ya mto vijiji viliendelea kuteketezwa. Siku chache baadaye Livingstone aliondoka kurudi Ujiji.

Barua zake juu ya mauaji hayo zilichukuliwa na Stanley hadi Uingereza, zikachapwa mwaka 1872, zikachochea hasira ya watu. Ziliongeza nguvu ya madai yaliyomlazimisha Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, uliofunga soko la watumwa la Unguja. Hilo ndilo lililokuwamo katika mizigo ya Stanley alipotoka kwa Livingstone. Ulimwengu umeyashika maneno manne, na barua ya Nyangwe imebaki kwa wataalamu.

Hata barua hiyo yapasa kuulizwa. Huko Nyangwe Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la London, kwa wino alioutengeneza kutokana na mimea ya huko, na maandishi yake yalififia kiasi cha kutosomeka. Mwaka 1872, huko Unyanyembe, aliyanakili upya katika shajara kubwa, na nakala hiyo ndiyo iliyochapwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyeweza kuusoma mwandiko wa kwanza kwa ukamilifu. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki liliutoa hadharani, baada ya kuzipiga picha kurasa zile kwa mianga ya rangi mbalimbali.

Je, mwandiko wa kwanza na nakala ni kitu kimoja? Siyo. Tofauti zimeonekana, hasa kuhusu wale watu waliotumwa kwake kutoka Unguja ili kumhudumia, ambao tabia yao ilimsumbua. Je, watu hao wa Livingstone mwenyewe walikuwa na mkono katika mauaji ya soko? Wataalamu waliouchunguza mwandiko huo wameliweka swali hilo mezani, bila kulifunga. Hapa tena jibu linaegemea, halijakatika. Lakini kuulizwa kwake tu kunabadilisha sura ya shahidi: aliyesimama miaka yote hiyo kama mtazamaji asiyehusika, sasa anaonekana kuwa mtu mwenye jambo la kulinda.

Swali la mwisho ni fupi. Je, yumo katika simulizi hiyo mwanamke wa soko aliyeulizwa alichokiona? Hapana. Waliokufa wana idadi, hawana majina. Waliookoka hawana neno. Neno «hapana» limesimama hapa kwa maana yake kamili.

8. Hitimisho

Fumbo la Ujiji, likiulizwa kwa mpango, linatoa majibu yafuatayo. Walikutana: ndiyo. Siku ya 10 Novemba: haikuthibitika. Neno la kwanza lilikuwa la Stanley: siyo, lilikuwa la Susi. Maneno manne yalitamkwa: ushahidi unaegemea siyo. Stanley alimtambua Livingstone kwa maneno hayo: siyo, alimtambua kwa majibu ya Waguha.

Kwa wanafunzi wanaokwenda vijijini na mijini kukusanya masimulizi, mfano huu unatoa mafunzo machache ya kazi. Msimulizi aachwe kwanza aseme kwa mapana yake. Swali la ndiyo au siyo lije baadaye, kwa kuhakikisha. Swali lisibebe mambo mawili. Lisiulizwe kwa kukanusha, na likiulizwa hivyo, jibu liandikwe kwa sentensi nzima. Jambo lililo zito liulizwe kwa njia mbili zinazopingana, ili ile «ndiyo» ya adabu ijifichue. Maneno ya shahidi yahifadhiwe katika lugha aliyoyasema, tafsiri ikiwekwa kando yake. Na kimya kiandikwe kuwa ni kimya.

Nyangwe ipo hata leo kwenye kingo za Lualaba, na Maniema ina wazee wanaopokezana habari za mababu. Vitabu vya wasafiri vimeulizwa mara nyingi, na vitaulizwa tena. Masimulizi ya kingo zile mbili za mto yanangoja mwulizaji mwenye subira, anayejua Kiswahili na lugha za wenyeji, asiyekwenda huko na jibu mfukoni.